Kasida ya Mama

Ulikuwa mwaka wa tatu Mahbouba akimuuguza kaka yake, Khalaf, nyumbani kwao Samad, Oman. Kiharusi kilimpooza Khalaf upande wa kulia na kumwondolea maneno yote. Mahbouba mwenyewe alikuwa na miaka sabini na tatu, na magoti yalimuuma. Kutwa kumgeuza mgonjwa, kumsafisha, kumlisha uji kwa kijiko, kisha kumgeuza tena. Siku hizo alikuwa akisali haraka haraka, na sala nyingine zikimpita. Hakumwambia mtu.

Mjukuu wake, Shurooq, muuguzi katika mji wa Ibra, alikuja Ijumaa moja kumsaidia.

"Shikamoo, bibi. Miguu yako imevimba!"

"Marahaba, mwanangu. Mshike babu yako huko mabegani, tumgeuze."

Adhana ya alasiri ikalia. Shurooq akasali. Aliporudi alimkuta bibi yake amekaa pale pale ukingoni mwa kitanda.

"Bibi, husali?"

"Leo siwezi," Mahbouba alisema. "N'nachoka, Shurooq. N'shaomba miaka mitatu. N'nachoka hata kuomba."

Shurooq akavuta kiti. Akakaa karibu naye. "Wallah, zamani mliwezaje? Kule njiani, mlipohama?"

Mahbouba alianza kusimulia. Baada ya mapinduzi waliondoka Unguja kwa meli, yeye ana miaka kumi na miwili, wakateremka bandari ya Sur. Barabara haikuwapo. Walikuja Samad kwa miguu, na punda wawili wa mizigo. Siku ya sita, mdogo wao Rawya alikufa kwa homa, wakamzika kando ya wadi, mto mkavu. Baba yao akakaa chini, akasema haendi mbele wala hasali tena.

"Mama hakubishana naye," Mahbouba alisema. "Alianza kuimba kasida aliyoitunga mwenyewe. Khalaf akaitikia, na mimi nikaitikia, huku tunalia. Ubeti wa tatu baba akanyanyuka."

"Imba basi, bibi."

"Sina pumzi, mwanangu."

Hapo sauti ya kukwaruza ikatoka kitandani:

*Rabbi tushike mikono, safari imetuelemea…*

Mahbouba aligeuka. Khalaf alikuwa akitazama dari, mdomo umepinda, na kila neno limenyooka. Akanyamaza, kama anayengoja. Mahbouba akaitikia kwa sauti iliyokatika:

*Hatuna letu la neno, ila Wewe kukutegemea.*

Waliimba beti nne. Kisha Mahbouba akamshika shavu. "Khalaf, kaka yangu, wataka maji? Nambie."

Khalaf akahangaika, akatoa "aa, aa" tu. Maneno ya kusema hayakurudi. Yaliyobaki yalikuwa ya kuimba.

Mahbouba alilia kidogo, akajifuta kwa ukingo wa mtandio. "Nisaidie nikatie udhu," alimwambia Shurooq. Akasali alasiri juu ya kiti.

Kazi haikupungua, wala magoti hayakupoa. Lakini siku aliyolemewa Mahbouba, Khalaf alianza kasida. Siku ya Khalaf kushindwa, alianza Mahbouba. Baada ya kasida Mahbouba alisali, mara nyingine machozi yakimtoka.

Khalaf alifariki wiki mbili kabla ya Ramadhani. Walipoondoka watu wa tanzia, Mahbouba alilala karibu siku mbili, akiamka kwa sala tu, na Shurooq akakaa mlangoni asimruhusu mtu kumsumbua.