Mkono Ulioshika Kamba

Zita alipoamua kuachana na mumewe hakulia wala hakuvunja sahani. Alifua. Alifua mashati ya kazini ya Hermani, akayaanika, akayakunja, akayaweka upande wake wa kitanda, upande ambao siku hizi haukulaliwa. Majirani wa nyumba za wafanyakazi, watu wanaojua umepika nini kabla hujafunika sufuria, walisema Zita ana roho ngumu. Roho ngumu wapi! Alikuwa amekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Hermani aliendesha kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Alikuwa na mwanamke mwingine mjini Katesh, na kwa mwanamke huyo kulikuwa na mtoto. Hakuficha. Alipoulizwa alijibu, "Sasa mimi nifanyeje," utadhani mtoto ameletwa na upepo wa mlima. Wasimamizi wa ndoa walikuja, wakanywa chai, wakaondoka. Padre aliwaombea. Lililobaki lilikuwa baraza la usuluhishi la kata, maana mahakama haipokei shauri la talaka ambalo halijapita hapo.

"Kabla hujaenda barazani, kamchukue ng'ombe wako," kaka yake Tluway alimwambia. "Hermani akishapata habari atamhamishia zizi lingine, na wewe utamtafuta mpaka uzeeke."

Ng'ombe huyo Zita alipewa na baba yake siku ya harusi, akiwa bado mtamba. Nyumba ilikuwa ya shamba, kitanda kilikuwa cha shamba. Mnyama huyo ndiye mali pekee ambayo Zita angeweza kuondoka nayo, binti yake apate maziwa. Lakini hakuwa naye. Walikokaa hakukuwa na malisho, hivyo walimwekesha kwa Mzee Margwe, Basotu, kama watu wa huku wanavyowekeshana: anayetunza anakunywa maziwa, mwenye mali anabaki mwenye mali. Na anayetunza hamrudishi ng'ombe ila kwa yule aliyempa. Aje kaka, aje hata askofu, atakaribishwa maziwa na kurudi mikono mitupu. Aliyepatana na mzee alikuwa Hermani. Zita alijua hivyo, akaenda Basotu hivyo hivyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo," alijibu, kwa sababu ndivyo inavyojibiwa. Kisha akasema, kwa sauti ambayo mtu huombea chumvi, "Nimekuja kumchukua ng'ombe. Ninaondoka kwa Hermani."

Mzee Margwe akakuna goti. "Siku ile ng'ombe alipokuja hapa, nani alimleta?"

"Mimi. Hermani alikuwa kwenye mavuno, akanituma."

"Kamba ilikuwa mkononi mwa nani?"

"Mwangu."

"Na majani?"

Ng'ombe huku hukabidhiwa kwa kamba pamoja na konzi ya majani mabichi, ishara ya amani. "Nilikupa mimi, mzee."

"Basi. Hermani alileta maneno, na maneno hayana pembe. Mimi nilipokea kamba kwako. Hata angekuja yeye, ningemwambia akakuite."

Kumbe Hermani, kwa kuipenda kombaini yake, alikuwa amejinyang'anya ng'ombe mwenyewe. Mwingine angecheka. Zita aliitafuta furaha moyoni, hakuikuta. Alimshukuru mzee, akamfungua ng'ombe, akashika njia.

Njia ilipita kando ya ngano, na mavuno yalikuwa yamepamba moto. Kombaini moja ikasimama. Hermani akateremka, makapi yamemjaa kwenye nyusi. Alimtazama ng'ombe, akaitazama kamba, kisha mkono ulioishika. Hakuhitaji kuelezwa; mwenye macho haambiwi tazama. Zita alikuwa amejiandalia majibu ya kila aina ya ukali.

"Mzee amekupa," Hermani alisema.

"Amenipa."

Akamzunguka ng'ombe polepole, akambonyeza ubavuni. "Ana mimba. Karibu atazaa. Usimpitishe kule kwenye mteremko wa mawe, zunguka kwa juu."

"Nitazunguka."

"Mtoto yuko wapi?"

"Kwa Tluway."

Hermani aliinama, akaanza kutafuta kitu chini. Zita alidhani ameangusha spana. Kwa ukame wa wakati ule, kila kitu kilikuwa na rangi ya ngano. Akaenda mpaka kwenye pipa la maji la wavunaji, pale chini lilipokuwa linavuja, akapiga goti, akang'oa majani mabichi konzi moja. Akarudi nayo, akamnyooshea mkewe bila kumtazama usoni.

"Nenda nayo," alisema.

Zita alijua anapewa nini. Hakukuwa na baraza ambalo lingesema zaidi ya hapo. Aliyapokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa kupokea, na ganzi ikaanza kumtoka kuanzia vidoleni, ikamuuma sana.