Vyungu vya Jumamosi

Kwetu Mahalapye maiti huzikwa Jumamosi alfajiri. Jua linachomoza watu wako makaburini. Wakirudi hunawa mikono langoni, hukaa, hula. Hapo ndipo tulipokuwa na riziki, mimi na Mama Thuso: nyama ya kuponda, mahindi ya kukoboa, vyungu sita vya chuma vya miguu mitatu. Vyungu tulivinunua pamoja, pikapu ilikuwa yake, na mwanangu Gaone alikuwa mgongoni kwangu.

Hatukuchagua kazi. Harusi, mikutano ya vyama, timu za mpira, misiba, aliyeita tulimwendea. Mwalimu wangu wa masomo ya jioni alitufundisha kwamba mwenye biashara, hata awe anauza maandazi, aseme anaelekea wapi, yupo kwa ajili ya nani, na ni jambo gani hatalifanya hata alipwe vipi. Aliyaita dira, dhamira na maadili. Nilirudi nyumbani na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu, nikamwomba Mama Thuso tukae siku moja tuyaseme yetu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema vyungu havina dini, na mwenye njaa hamuulizi mpishi anaelekea wapi. Nami nikacheka, maana ni mtu wa kuchekesha, na ndiye aliyenifundisha moto.

Wiki ile alifiwa Mama Masego, mshonaji wa sare za shule. Marehemu, mwanawe Masego, alikuwa darasa la tatu. Nilikwenda kwenye sala za jioni, nikamkuta mama yake amekaa kwenye godoro sakafuni, blanketi mabegani. Kwetu mfiwa hatoki hapo ila kwenda kuzika. Haendi jikoni, haulizi chakula, hayo ni ya wengine. Aliomba vyungu vyote, kwa kuwa ndugu zake wangetoka mbali, wengine Maun. Akanishika mkono.

"Usiwaache watu wangu warudi na njaa."

Nikamwambia hawatarudi na njaa. Mama Thuso naye alikubali.

Alhamisi ikaja habari kwamba wapishi wa msiba wa mzee Kgosiemang, mwenye bucha tatu, wamegombana na wanawe na kuondoka. Wana hao walitaka vyungu vyetu vyote, Jumamosi ileile, na bei waliyotaja ilikuwa mara tatu ya yetu.

"Mama Masego ana majirani, watamwazima," Mama Thuso akasema. "Kwa Kgosiemang wakubwa wote watatuona."

"Tumemwahidi."

"Na harusi ya mpwa wangu hatukuahidi? Tukaiacha, tukaenda kwenye mkutano wa chama. Ulikula, ukanyamaza."

"Harusi si maiti ya mtoto, Mama Thuso."

"Sheria hiyo tuliiweka lini, Mama Gaone? Nionyeshe tulipoiweka, niifuate."

Hatukuwa tumeiweka popote. Yangu niliyaona ni ya haki, yake aliyaona ni ya busara, na katikati yetu hapakuwa na neno hata moja tulilowahi kukubaliana. Tukaachana hivyo.

Ijumaa nilimpeleka Gaone kliniki kupimwa uzito. Kurudi, banda tulimoweka vyungu lilikuwa tupu, na pikapu ya Mama Thuso haipo.

Nilipita nyumba kwa nyumba nikiazima. Nilipata vyungu vidogo vidogo, kimoja kimepasuka ukingo. Ng'ombe alikwisha kukatwakatwa, na nyama ya kuponda inataka chungu kikubwa na usiku mzima. Watu waliporudi kutoka makaburini, nusu ya ng'ombe ilikuwa bado mbichi kwenye beseni, na iliyoiva ilikuwa ngumu. Sahani ziliisha kupakuliwa mstari haujafika nusu. Wazee wa Maun walisimama na mikono yao waliyokwisha kunawa, wakitazama chini kwa heshima.

Ndipo Mama Masego akatoka ndani. Shangazi zake walimshika wamrudishe godoroni, akawaponyoka. Akazunguka uwanjani na blanketi lake, akisimama mbele ya kila mjomba.

"Nisamehe, baba. Chakula cha mwanangu hakikutosha."

Nilikuwa karibu yake, mwiko mkononi. Hakunitazama.

Habari ilienea kabla majivu hayajapoa. Wale wakubwa hawakumwita Mama Thuso. Walisema aliyemtupa mtoto atamtupa yeyote. Tukagawana vyungu, vitatu kwa vitatu, naye akanisaidia kuvipakia.

"Utafanya nini na hivi?"

"Misiba tu. Mmoja kila Jumamosi. Aliyetangulia kuniita ndiye."

"Utakufa njaa, mwanangu." Alisema kwa huruma kabisa.

Nilikwenda kwa Mama Masego kuomba radhi. Alinipokea, akanipa kiti, akaendelea kushona pindo la sketi. Nilipomaliza, akakata uzi kwa meno.

"Watu wa Maun walikula biskuti njiani," akasema.

Jumamosi nyingi zimepita bila mtu kuniita. Juzi alikuja mwanamke aliyefiwa na mama mkwe, akavigonga vyungu kwa kidole, akaniuliza, "Na tajiri akifa Alhamisi?"

"Nitawapa pole watu wake."

Akasema atafikiria. Hakurudi. Akija mwingine nitamjibu vilevile. Nimeshamwambia Gaone, naye, kwa kuwa hajui kusema, amenishika sikio akacheka.