Kofi Lililobaki Sikioni

Asubuhi hiyo Severa alikuwa kwenye baraza ya duka la ushirika, Mtaa wa Sikukuu, akishona kaptula za kaki. Ndani, mumewe Gaudens, mhudumu wa duka, alikuwa akipima sukari. Cherehani iliponyamaza ili Severa atie uzi, kofi likatoka sikioni mwa Gaudens, likampata jirani yao Mwanamize, aliyekuwa akingoja sukari, shavuni. Mwanamize akaokota ushungi wake, akajifuta damu puani, akauliza kama sabuni ya mche imefika. Haikuwa imefika.

Kofi lile liliingia mwaka uliotangulia, kwenye msako wa wahujumu uchumi, wanaoficha bidhaa. Bushiri, kamanda wa mgambo, alisimama mlangoni na vijana wake, akauliza, "Mhujumu ni nani hapa?" Cherehani ilikuwa ikikimbia, na Gaudens akasikia neno mhudumu. Maskini ya Mungu, akanyoosha shati, akajibu kwa tabasamu, "Ni mimi, afande. Karibuni." Wakampiga kwa mikanda na vitako vya bunduki mpaka sakafu ikateleza, kisha Bushiri akamzibua kofi la sikio. Sabuni ya magendo hawakuiona, maana haikuwepo. Hakuna aliyesema samahani.

Tangu hapo sikio likawa linalia nziii, kutwa kucha. Daktari alimwambia atafute sauti ya kuufunika ule mlio, na cherehani ndiyo iliyouweza. Ikikoroma, Gaudens alikula, akatania wateja. Ikinyamaza, mlio ulipanda, ukafika juu kabisa, na kofi likatoka kutafuta shavu. Majirani walishazoea. Wenye miwani waliivua kabla ya kuingia.

Shida ilikuwa kitambaa. Madukani hakikuwepo, ila kaki ya sare za mgambo, na aliyeileta ni Bushiri mwenyewe. Severa aliishona huku roho ikimuuma. Alimchukia mtu yule kuliko homa, na hakuona haya kulisema.

Mwanamize alikuwa bado anasubiri sukari Bushiri alipofika kuchukua kaptula zake. Severa akaacha kukanyaga.

"Mama Elisaria, shona," Gaudens akamwomba mkewe, ameshika kichwa.

"Nitashona," Severa akasema. "Kwanza mwenyewe achukue chake."

Duka likawa kimya. Mlio ukapanda mpaka chupa za mafuta ya taa zikapasuka. Kofi likatoka, likampita Mwanamize, likamfikia Bushiri, likamtambua. Likatua kiganjani mwake taratibu, kama kuku anayerudi bandani. Bushiri akakunja vidole, akavikunjua, akaona bado linamkaa vizuri. Akamzaba nalo Gaudens sikio la pili. Jino likadondoka kwenye mizani.

"Nyingine nazitaka Jumamosi," akasema, akatupa jora jipya la kaki barazani.

Severa aliiosha mizani, Mwanamize akapimiwa sukari yake. Masikio yote mawili sasa yalikuwa yanalia. Severa akarudi barazani, akatia uzi, akaanza kukanyaga kwa nguvu kuliko mwanzo. Kaki ikapita chini ya sindano, mguu mmoja wa kaptula, kisha wa pili, na kutoka ndani Gaudens akamwambia asante, hapo sasa anapata nafuu.