Kitufe cha Ubavuni

Jumatatu ile mke wangu alitoka nyumbani saa moja asubuhi kwenda posta, alikokuwa karani, na saa tano nikapigiwa simu kwamba ameanguka dirishani pake, muhuri ungali mkononi. Moyo. Nilipofika hospitali walikuwa wameshamfunika. Mayai yake thelathini yalikuwa katika siku ya tisa.

Nayataja mayai mapema kwa sababu ndiyo yaliyonisimamisha wiki ile. Mfiwa hupewa kiti, chai na pole. Hakuna anayemtuma kazi. Mayai peke yake ndiyo yaliyonituma.

Mashine ya kutotolesha aliiunda mwenyewe: sanduku la mbao nyembamba, balbu ya kutia joto, sensa ya kulipima, na bodi ndogo ya kijani isiyozidi kiberiti, ambayo ndiyo iliyoamua balbu iwake au izime. Programu ya bodi aliiandika kwenye kompyuta yake, akijifunza kwa video. Kazi yangu mimi, fundi cherehani, ilikuwa kumshikia tochi. Mara ya kwanza mayai yalichemka. Mara ya pili yakapoa. Mdogo wake alicheka hadi akakaa chini.

"Dada, kuku wa kulalia mayai wapo mtaani hawana ajira. Waajiri!"

"Mara ya tatu utanyamaza," mke wangu alimjibu.

Hii ndiyo ilikuwa mara ya tatu. Na aliyetoa kauli hakuwepo tena kuitetea. Sikutaka dunia imwekee kumbukumbu ya mayai viza.

Kila asubuhi kabla ya chai alikuwa anainama, anaibonyeza mashine ubavuni kwa kidole na kuiambia, "Nipo." Niliwahi kumuuliza kama anaongea na mayai.

"Kwani wewe huongei na cherehani?"

Kweli huwa naongea nayo, hasa uzi unapokatika. Nikaacha hapo.

Jumanne nyumba ikiwa imejaa watu, shemeji yangu, yule mdogo wake, alikwenda chumba cha nyuma kuchukua vikombe akarudi mbio. "Shemeji, mayai ya dada yamezimiwa taa!"

Nilichomoa waya ukutani, nikachomeka tena. Taa ikawaka. Kwa mazoea ya kazi, nikachukua chaki yangu ya kukatia nguo, nikaandika juu ya kifuniko: *Jumanne, imewaka saa mbili kasorobo.* Mimi huandika vipimo popote. Mke wangu aliwahi kukuta kiuno cha mteja kwenye mlango wa jokofu.

Jumatano asubuhi ikazima. Nikachomoa waya, nikabadilisha balbu, nikachomeka, ikawaka. Nikajiona mhandisi.

"Haya, daktari wa balbu," akasema shemeji. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu msiba.

Alhamisi ikazima tena. Safari hii nilimwita Fundi Simu, jirani yangu wa kibandani, anayetengeneza simu na kujua kila kitu, hata asichokijua. Akafungua sanduku, akatikisa kichwa kama mganga.

"Rilei imechoka. Hii ndiyo inayokata na kuunga umeme wa balbu."

Akachomoa waya, akaweka rilei mpya, akachomeka. Ikawaka. Fundi Simu akasimama mikono kiunoni. "Akili ni nywele, mzee."

Mimi nina upara, nikamwacha.

Ijumaa ikazima. Fundi Simu aliichungulia muda mrefu, kisha akasema, "Basi bodi yenyewe imekufa." Neno likatua katikati yetu. Akaona haya, akajifanya anatafuta bisibisi aliyokuwa ameishika.

Nami nikiwa natazama chini nisimwone anavyohangaika, macho yakaangukia maandishi yangu ya chaki, niliyokuwa nikiyaongeza kila siku. Jumanne niliiwasha saa mbili kasorobo. Jumatano ikazima saa mbili kasorobo. Siku hiyo niliiwasha saa mbili na robo. Alhamisi ikazima saa mbili na robo. Fundi Simu alimaliza kazi yake saa nne. Na Ijumaa hii ilizima saa nne. Mshonaji akikuta kipimo kimoja kimejirudia mara tatu, hawezi kusema ni bahati. Kuna mtu kakata hivyo kwa makusudi.

"Si mbovu," nikasema. "Inahesabu."

"Inahesabu nini?"

"Siku nzima. Kila tukichomoa waya inaanza upya. Ndiyo maana kila tulichotengeneza kilipona."

Tukaiwasha kwanza, mayai yasipoe, kisha tukafungua kompyuta yake. Programu ilikuwa ndefu, na mimi sikuelewa hata robo. Lakini hapa na pale, baada ya mistari miwili ya mshazari, palikuwa na Kiswahili chake.

"Hayo bodi inayaruka," alisema Fundi Simu. "Mwandishi anajikumbusha mwenyewe."

Shemeji akasoma kwa sauti. *Joto lisishuke 37, lisipande 38. La sivyo supu tena.* Akacheka, akafuta macho. *Hapa usiguse. Sijui kwa nini inafanya kazi.* Fundi Simu akasema huyo alikuwa fundi wa kweli. Kisha shemeji akafika karibu na mwisho, sauti ikapungua.

*Nisipobonyeza kwa saa 24, zima kila kitu. Huenda nimesafiri, huenda naumwa. Balbu isije ikamchomea fundi wangu nyumba na vitambaa vya watu.*

Nilipapasa ubavu wa sanduku. Chini ya utepe mweusi palikuwa na kitufe kidogo kuliko kifungo cha shati la mtoto mchanga. Nikakibonyeza. Hakikusema kitu.

"Kwa hiyo muda wote huu ilikuwa nzima?" shemeji akauliza.

"Nzima."

"Na ile rilei?"

"Rilei," Fundi Simu akakohoa, "ilikuwa imechoka kidogo."

Shemeji alitaka nifute mstari ule ili mashine isizime kamwe. Nikakataa. Nyumba yangu imejaa vitambaa, nami nikilala hata ngoma hainiamshi. Hofu ya mke wangu ilikuwa ya haki. Nilichotaka ni kuongeza: ikibaki saa moja, ilie, ili aliyepo akumbuke.

Fundi Simu akaleta king'ora kidogo, akanionyesha nyaya zinapokaa. Programu nikasema nitaandika mwenyewe. Jumamosi nilikaa mbele ya kompyuta tangu baada ya chai hadi adhuhuri, nikiiga mistari ya mke wangu, nikibadilisha namba. Mistari mitano. Kompyuta ikaikataa yote kwa maandishi mekundu. Nikasoma upya, nikaona sawa. Ikakataa tena.

Shemeji akainama begani kwangu, akalinganisha na mistari ya dada yake. "Yeye kila mstari kaufunga kwa nukta na mkato. Wewe huu wa tatu umeuacha wazi. Miaka ishirini unashona, leo umesahau kufunga uzi?"

Nikafunga uzi. Maandishi mekundu yakatoweka, taa ya bodi ikapepesa, programu ikaingia. Kwa kujaribu niliweka dakika moja badala ya saa ishirini na tatu. Dakika ikaisha, king'ora kikalia, sote tukaruka. Kisha nikarudisha saa ishirini na tatu.

Siku ya ishirini na moja ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Walitoka vifaranga kumi na tisa kati ya mayai thelathini. Shemeji alisimama mbele ya sanduku, mkono mdomoni, akanyamaza. Nilimtazama hadi akajua kwa nini namtazama.

"Haya, dada," akasema mwishowe. "Umeshinda."

Alichukua vifaranga tisa. Sasa mashine ina mayai mengine ishirini na nane, na nakibonyeza kitufe saa moja kasorobo, kabla ya chai.