Bwana Koti Haamkiwi

Televisheni ya Mzee Rwegoshora ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, na bado watu wa kijiji cha Songambele waliweza kugombana jioni nzima kama koti la yule bwana wa mchezo wa Jumapili ni la kijani au la manjano. Ilinunuliwa Uganda, kwa kahawa iliyovuka mpaka kwa njia zake yenyewe, na hayo sisi hatuyaulizi. Ilikula betri ya gari. Picha zilitoka hukohuko Uganda, zikapanda vilima na kushuka, na zilipofika kwenye antena iliyofungwa juu ya mlingoti wa mkaratusi zilikuwa zimechoka. Sauti haikufika kabisa. Kilichofika ni mlio wa kitu kinachokaangwa.

Kila Jumapili jioni ulionyeshwa mchezo wa nchi gani sijui, ya watu wanaovaa kofia ndani ya nyumba. Alikuwamo bwana mmoja mwenye koti refu la mvua, nao watazamaji wakamwita Bwana Koti. Aliingia nyumba yoyote, watu wanakula, watu wanagombana, mmoja yumo ndani ya pipa anaoga. Akapita katikati yao, akachungulia sufuria, akatoka. Hakuna aliyemtazama wala kumwamkia. Watazamaji walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakaanza kazi yenyewe, ya kubishana yeye ni nani.

"Mzimu," alisema Pastory, mnunuzi wa maharage kutoka Nkwenda. "Kafa zamani. Ndiyo maana hawamwoni."

Mzee Rwegoshora alishikilia kwamba ni mtoza kodi. Wanamwona vizuri sana, alisema, wanajifanya tu.

Mukamusoni aliwasikiliza wote, kisha akatoa lake, na hakulibadilisha tangu siku hiyo. "Ni wa nyumbani," alisema. "Anayeamkiwa ni mgeni. Anayepewa kiti ni mgeni. Wa nyumbani akiingia, nani anahangaika naye? Anapita, anafunua sufuria, anakwenda zake."

Walimcheka. Nyumba zote zile ni za kwake? Yeye akajibu kwamba pengine kwao ni kijiji kizima. Alikuwa mbishi, Mukamusoni, lakini ubishi huu ulikuwa na mzizi, na mzizi wenyewe hakumwonyesha mtu.

Alikuja akiwa mgongoni mwa mama yake, kutoka Rwanda. Alikulia Songambele, akaolewa Songambele, Kinyambo, lugha ya pale, alikisema vizuri kuliko wengine waliozaliwa nacho. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo wasemavyo. Yeye alimaliza miaka thelathini, na jembe hajapewa. Jumapili kila mtu alileta ndizi zake kwa Rwegoshora zipikwe pamoja. Wanawake wengine walizunguka nyuma moja kwa moja, wakashika visu, wakamenya huku wakisengenya. Yeye akifika, Kokugonza, mke wa Rwegoshora, alitoka mbio kumpokea mlangoni. "Karibu, mgeni wetu. Kaa, kaa hapa." Akampa kigoda, akamletea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama anavyoletewa mgeni wa heshima. Kokugonza hakuwa na ubaya hata kidogo. Ilimuuma Mukamusoni hivyohivyo, na angeanzaje kumlaumu mtu kwa kumheshimu?

Ndiyo maana Bwana Koti hakuwa mchezo kwake. Alitaka aonekane mtu mmoja, hata wa kwenye kioo, ambaye kutoamkiwa kwake ni kuwa wa pale.

Pastory alirudi kutoka Mbarara na habari: Jumapili ijayo mchezo unakwisha, na siri yote itajulikana. Siku hiyohiyo baiskeli ya Rwegoshora, iliyozoea kupeleka betri Nkwenda kuchajiwa, ikagoma, na betri ilikuwa haijachajiwa. Rwegoshora akasema basi, watasimuliwa.

"Mimi sisimuliwi," alisema Mukamusoni. "Nitaona." Akasokota ngata ya majani makavu ya migomba, akajitwika betri mpaka Nkwenda, akangoja ijae, akarudi nayo. Shingo ilimkaza siku kadhaa.

Jumapili ikafika na upepo wake. Mchezo ulikuwa umeanza tu pale kamba ya mlingoti ilipokatika, mlingoti ukalala upande, na kioo kikajaa chenga. Pastory alitoka, akausimamisha, picha ikarudi. Lakini kila waliposikika wakicheka ndani, Pastory naye alinyoosha shingo dirishani, na mlingoti ukalala tena. Mara ya tatu Mukamusoni aliinuka kwenye kigoda chake.

"Toka hapo," alimwambia. "Hutaweza."

Akaukumbatia mlingoti kwa mikono yote miwili, akaegemeza bega. Manyunyu yakaanza. Kutoka pale aliona ukuta tu na migongo ya watu dirishani. Alijua kabisa anachokosa. Akiuachia, hakuna atakayeona. Akiushika, wataona wote isipokuwa yeye. Akaushika.

"Amefika?" aliuliza.

"Amefika. Yuko mlangoni," alijibu Pastory.

"Wamemwamkia?"

Pastory alikuwa ameshageukia dirisha. Ndani watu wakaguna. Baadaye kidogo Rwegoshora alitoka, naye alisema polepole kwa sababu alimwonea huruma.

"Amepiga hodi, Mukamusoni. Leo amepiga hodi. Bibi mmoja akainuka, akamshika mikono, akampa kiti na kikombe cha chai. Wamemkaribisha. Kumbe alikuwa mgeni."

Mukamusoni aliuachia mlingoti. Alikuwa ameweka tumaini kubwa pale kuliko alivyodhani.

"Wamekosea," alisema.

"Nani amekosea?"

"Waliotunga. Hawamjui mtu wao."

Watu wakacheka sana, walidhani anatania. Yeye akajifuta tope kwenye kanga, akasema anakwenda kwake.

Kokugonza alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha kahawa mkononi, amekuja kumliwaza mgeni wake kama kawaida. Alimtazama yule mwanamke aliyeloa, aliyebeba betri kichwani na kushika mlingoti wa nyumba isiyo yake. Akakitazama kikapu. Akampa Pastory akishike, akaingia jikoni, akarudi na kisu.

"Unakwenda wapi na ndizi hazijamenywa?" alisema. "Watu wana njaa."

Mukamusoni alikipokea kisu. Akazunguka nyuma, akaingia jikoni, wanawake wakasogeza magoti kidogo apate nafasi, na masengenyo yakaendelea pale yalipokuwa yameachwa. Hakuna aliyemwambia karibu. Akavuta ndizi ya kwanza.

"Punguza maganda," Kokugonza alimkemea kutoka mekoni. "Unatupa chakula."

Miaka thelathini hakuna aliyewahi kumkemea katika nyumba ile. Mukamusoni aliinamisha kichwa wasimwone machozi, akapunguza maganda.