Kibanja cha Kemilembe

Kemilembe alifiwa akiwa na mabinti watatu, nasi ukoo wa mumewe tukamwachia kibanja, shamba la kahawa la marehemu, kwa sababu hakuna aliyekitaka. Mibuni ilikuwa mizee, na robusta yetu ya Misenyi ilijulikana kwa kazi moja tu: kujazia magunia ya kahawa za wengine.

Sisi tulipukusa tawi lote, mbichi na mbivu, tukaanika chini, mbuzi wakapita juu. Yeye alichuma zilizoiva tu, akazianika kwenye vichanja na kuzigeuza kutwa nzima.

"Shemeji, unazichagulia wachumba?" Rwechungura, mdogo wa marehemu, alimtania.

"Nazichagulia wenye ulimi. Wewe endelea na mbuzi wako."

Tulicheka sana. Nami nilicheka, mjinga mimi.

Mwaka wa sita wakaja waonjaji kutoka nje. Walionja kahawa za kila nyumba wakakunja uso. Ya Kemilembe waliomba tena. Walisema hawajapata kuonja robusta yenye utamu kama ule, na kwamba wataichukua yote kila msimu. Kemilembe alijifunika khanga akalia kwa furaha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tukasema.

Wiki haikuisha, Rwechungura akaitisha kikao cha ukoo. Alileta dumu zima la lubisi, pombe ya ndizi.

"Ardhi ya ukoo haikai kwa asiye na mtoto wa kiume," alisema. "Mabinti wakiolewa, watakibeba kibanja kichwani?"

"Miaka sita hukuliona hilo?" Kemilembe aliuliza. "Kaburi la kaka yako nani amelipalilia?"

"Ni wewe, shemeji, na tunakushukuru. Keti."

Akanigeukia mimi, baba mdogo wa marehemu. "Baba, wewe ndiye mkubwa hapa. Sema neno."

Pombe ya Rwechungura ilikuwa bado mdomoni mwangu. Nikasema mila ni mila. Lilikuwa neno la woga, na nililijua hivyo nikilitamka.

Tulimpa siku saba ahame. Msimu ulipofika, Rwechungura akamfuata alikopanga.

"Shemeji, njoo unichumie. Wake zangu hawajui ipi imeiva."

Alikuja, maana ana watoto wa kulisha. Mke mkubwa wa Rwechungura alimpa kikapu, akamwonyesha pa kuanzia, akamkataza kusogelea kaburi la mumewe lililo humo shambani, asije akapata la kudai.

Nilipopita njiani aliweka kikapu chini, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

Nikaitikia marahaba.