Sarafu za Marehemu Roy

Delbert Haas alikuwa hajala kitu tangu mazishini, na sasa, akimtazama Vernon Stukey akitafuna, hata hamu ilimtoka. Roy hajamaliza saa mbili kaburini, na Vernon, mwenyekiti wa chama chao cha wakusanya sarafu pale Dayton, alikwisha kukalia kiti cha marehemu, mkate wa nyama ya nguruwe mkono huu, kioo cha kukuzia mkono ule.

Mezani, Lorene, mjane wa Roy, alikuwa amewapangia sarafu kumi na mbili za dhahabu, za dola ishirini kila moja, za enzi za babu zao.

"Pole, dada," Vernon alisema, mdomo umejaa. "Roy alizisugua hizi. Sarafu ikishasuguliwa, mkusanyaji haitaki tena. Inabaki kuuzwa kwa uzito wa dhahabu tu. Muulize Del."

Chini ya meza alimkanyaga Delbert. Walikwisha kupanga garini: Delbert akiitikia, ile ya mwaka 1907, aliyoitamani miaka ishirini, ingekuwa yake kwa bei ya uzito.

Delbert aliinyanyua, akaishika kwa ukingo kama ipasavyo. Ule mng'ao laini kama ukungu iliotoka nao kiwandani ulikuwa ungali juu yake. Haikuguswa hata na kitambaa. Hiyo moja ingemwezekea Lorene paa jipya.

"Kweli, Del? Roy alisema wewe ndiye mwenye macho."

"Kweli," alijibu.

Vernon akacheka kidogo, akaichukua. Alilamba haradali kwenye kidole gumba, kisha akakibandika kidole kilekile katikati ya uso wa sarafu.

Delbert alimdaka mkono. "Toa kidole chako, Vernon. Haijasuguliwa hiyo. Hakuna hata moja iliyosuguliwa. Unaiharibu."

"Umerukwa na akili, mzee?" Vernon alinong'ona.

Lorene aliichukua sarafu, akaitazama ile alama ya mafuta. "Kumbe ulijua."

"Nilijua."

"Na nilipokuuliza?"

Kumdanganya mjane kulimpita Delbert kooni kama maji. Kilichomkwama ni haradali juu ya dhahabu. Kinyaa kilimgeukia mwenyewe.

Lorene alizirudisha sandukuni moja moja, akizishika ovyo, vidole vitupu juu ya nyuso za sarafu, na hakuna aliyethubutu kumkosoa.

"Chukueni makoti yenu," alisema. "Wote wawili."